Niende tamasha au niende mji? Jibu kwa mcheza salsa anayesafiri peke yake

Swali: Shikamoo mwalimu. Huu ni mwaka wangu wa pili wa salsa. Ninacheza kwenye moja, yaani nabadili mwelekeo kwenye pigo la kwanza, upande wa kufuata: mwenzangu ndiye anayeongoza. Nimejiwekea akiba ya safari moja ya siku kumi, na wenzangu darasani kila mmoja ananivuta kwake: huyu anasema Cali ya Colombia, yule Havana ya Cuba, mwingine tamasha la Ulaya. Nitasafiri peke yangu. Ninachoogopa ni kutumia akiba yote halafu nikae kitini usiku kucha nikitazama wenzangu. Niende wapi, nipangeje, na je, nijifunze kwanza kucheza kwenye mbili?

Jibu:

Marahaba, mwanangu. Wahenga walisema mcheza kwao hutuzwa, na hofu yako yote imo humo: huko uendako si kwenu, sasa nani atakutuza? Nikupe jibu fupi kwanza. Kwa kiwango chako, kwa siku kumi, na ukiwa peke yako, tafuta tamasha la ukubwa wa kati, la siku tatu au nne, katika mji ambao una salsa ya kila wiki hata mahema ya tamasha yakishang'olewa. Fika siku mbili kabla. Likiisha, usikimbilie uwanja wa ndege. Baki siku nne hivi ucheze na wenyeji. Cali iwe safari ya pili, na Havana ya tatu. Ungekuwa unacheza casino, yaani salsa ya Kikuba, ningeipandisha Havana iwe ya kwanza bila kusita, lakini umeniambia unacheza kwenye moja.

Nimeona safari nyingi zikiharibikia mahali pamoja: mtu huchagua nchi kabla ya kuchagua muziki na mtindo. Ameona picha, amependa bahari, amekata tiketi. Akifika anakuta ukumbi mzima unacheza kitu ambacho miguu yake haikijui, kisha analaumu watu kuwa wana maringo. Si maringo. Hawakuelewana tu, kama watu wawili wanaozungumza lugha zinazofanana lakini si moja.

Wewe unayecheza kwenye moja, hatua yako ya kubadili mwelekeo inaangukia pigo la kwanza na la tano katika mapigo manane, na unakwenda na kurudi juu ya mstari. Mtindo huo ulishika mizizi Los Angeles, na sehemu kubwa ya shule za dunia hufundisha huo. New York wanabadili mwelekeo kwenye pigo la pili na la sita. Hayo ndiyo mafundisho ambayo Eddie Torres, aliyewahi kucheza jukwaani na bendi ya Tito Puente, aliyapanga na kuyaeneza, na nyuma yake kuna historia ya dansi iitwayo mambo, iliyochezwa Palladium, ukumbi wa New York uliofungwa 1966. Hatua ni zilezile: moja mbili tatu, tano sita saba. Kinachohama ni mahali mwili unapogeukia, na kuhama huko kunatosha kuwafanya watu wawili wazuri wagongane magoti.

Casino ni habari nyingine kabisa. Ilizaliwa Havana miaka ya 1950 katika vilabu vya starehe, na jina lake linatokana na kimojawapo cha vilabu hivyo. Haina mstari, wawili huzungukana, na wengi wakijipanga duara huwa rueda, ambapo mtu mmoja hutangaza mtindo na wote hubadilishana wenzao kwa pamoja. Cali nao wana yao: kifua kimetulia, miguu inakimbia kama inakanyaga makaa. Husimuliwa kwamba miaka ya 1960 watu wa huko walikuwa wakizichezesha santuri za mizunguko 33 kwa dakika kwa kasi ya 45, kwa kuwa muziki uliotoka New York waliuona unakokota, na miguu ikabidi ijifunze kuufukuzia. Ukiwatazama wakicheza pachanga, dansi ya miguu ya haraka, utaamini.

Sasa unaelewa kwa nini nakuelekeza kwenye tamasha kwanza. Tamasha ni soko la mitindo. Wanakuja watu kutoka nchi nyingi, wengi wao wanacheza kwenye moja au wanajua zote mbili, na karibu kila mmoja ni mgeni kama wewe. Katika ukumbi ambao wote ni wageni, kumwomba mtu usiyemjua mcheze ni jambo la kawaida, halimshangazi yeyote. Utamaduni huo si wa kale: kongresi ya kwanza ya salsa ya dunia ilifanyika Puerto Rico 1997, na kutoka hapo mfano ukaenea hadi leo ambapo ni nadra wikiendi kupita bila tamasha mahali fulani duniani. Mchana madarasa, jioni maonyesho, usiku ni sosho, yaani kucheza huru, yeyote na yeyote, hadi alfajiri.

Hapo pa “hadi alfajiri” nikae kidogo, maana hesabu yake huwapotosha wengi. Sosho ikianza saa tano usiku na kuisha saa kumi alfajiri, hizo ni dakika 300. Wimbo mmoja na kubadilishana wenzi ni kama dakika tano, kwa hiyo nyimbo 60. Hakuna anayecheza 60. Mtu mwenye pumzi nzuri hucheza 25 au 30, na nyimbo nyingine zote anakunywa maji, anabadili shati, anatazama, anatafuta mtu wa kucheza naye. Kwa hiyo ukikaa nusu ya usiku hujakataliwa na mtu. Ni usiku wa kawaida wa mchezaji wa kawaida. Watu huja na picha ya kucheza kila wimbo, wakikaa nyimbo nne mfululizo wanahesabu kuwa wameaibika, wanarudi chumbani saa saba, na usiku mzuri unaanza saa nane wakiwa wamelala.

Ngoma ikilia sana hupasuka, na mwili wako ni ngoma. Usiende madarasa yote. Tamasha la siku tatu linaweza kukupa madarasa sita kwa siku, na mtu mwenye tiketi mkononi huona dhambi kuyaacha. Nenda mawili, ikizidi matatu, yale ya kiwango chako au chini yake kidogo, halafu ulale saa tatu jioni hata kama kuna maonyesho. Mimi huweka saa ya kuamsha saa tano na robo usiku, naoga kama asubuhi, nateremka ukumbini wakati wenzangu wanatoka kwenye maonyesho wamechoka kwa kukaa.

Utalitambuaje tamasha linalokufaa? Usitazame video za waandaaji. Hizo ni moshi, taa na watu wanaoruka hewani. Tafuta zile zilizopigwa kwa simu na wachezaji wenyewe wakati wa sosho, zisizokatwa, hata dakika mbili tu. Angalia sakafu: ni mbao, au ni zulia lililofunikwa vipande vya plastiki? Mbao hukubali soli kuzunguka na kuhurumia magoti. Saruji haina huruma. Angalia nafasi kati ya watu. Angalia waliokaa pembeni, wengi ni wanawake peke yao au mchanganyiko? Na sikiliza muziki wenyewe, maana siku hizi bango linaweza kuandika salsa kwa herufi kubwa na ukumbi mkubwa ukawa wa bachata, salsa ikapewa chumba cha nyuma karibu na jiko. Siidharau bachata; UNESCO iliiweka kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu 2019 na ninaicheza kwa furaha. Lakini wewe umelipia salsa. Waandikie waandaaji uulize kumbi ngapi ni za salsa, kwa saa zipi, na ma-DJ ni nani. Wanaojibu vizuri kabla hawajapata fedha zako, wengi wao hata tamasha lenyewe huliendesha vizuri.

Ukubwa nao una maana. Mahali penye watu elfu kadhaa utakutana na mtu mmoja ukacheza naye wimbo mtamu, usimwone tena siku zote tatu. Penye watu mia tatu au mia nne, ifikapo usiku wa pili nyuso zimezoeleka, unasalimiwa, unaitwa. Kwa anayesafiri peke yake tofauti hiyo ndiyo kila kitu. Mfano wa mahali ambapo watu hukaa siku nyingi pamoja ni Rovinj, mji mdogo wa pwani ya Croatia wenye tamasha la salsa la mwezi Juni: baharini mchana, ukumbini usiku, na watu walewale wanapishana njiani wiki nzima. Ila Rovinj ni mji wa likizo, haiwezi kukupa ile salsa ya Jumanne ya wenyeji ninayokutakia baada ya tamasha. Ukiuchagua, zile siku za nyuma uzipeleke mji mkubwa.

Tiketi zenyewe huwa za aina mbili: tiketi kamili yenye madarasa na usiku, na tiketi ya usiku peke yake. Kwa madarasa mawili kwa siku, wewe chukua kamili, kwa sababu nitakayoieleza chini. Bei hupanda ngazi kwa ngazi kadiri siku zinavyokaribia. Zaidi ya bei, wewe unayefuata una haraka ya aina yake: karibu kila mahali wanaofuata ni wengi kuliko wanaoongoza, na waandaaji makini huweka kikomo cha tiketi za anayefuata akija peke yake. Zikiisha unaandikwa kwenye orodha ya kusubiri, au unaambiwa uje na mwenzi. Kikomo hicho kikikukasirisha, kumbuka kinawekwa kwa faida yako. Tamasha lisilo nacho ndilo litakalokukalisha.

Na usinunue tiketi ya ndege kabla hujaona tarehe zimethibitishwa, ukumbi umetajwa na masharti ya kurudishiwa fedha yameandikwa. Nilifanya kosa hilo nikiwa na uzoefu wa kutosha wa kujua. Tarehe zilikuwa kwenye bango, nikafurahia bei ya ndege, nikakata. Wiki sita baadaye ukumbi ukabadilika na tamasha likasogezwa wiki nzima mbele. Tiketi ya dansi walinihamishia bila tatizo. Ya ndege haikuhama. Nilikwenda hivyo hivyo, na huko ndiko nilikojifunzia kwamba mji una usiku wake wa salsa bila tamasha, kwa hiyo siwezi kusema nilipata hasara yote.

Sasa zile siku mbili za mwanzo. Si za kutalii, ni za usingizi. Ukiruka kuelekea magharibi kwa tofauti ya saa saba, sosho inayoanza saa tano usiku mwili wako unaihesabu saa kumi na mbili asubuhi, baada ya usiku mzima bila kulala. Usiku wa kwanza utacheza kama mlevi. Ukielekea mashariki kwa saa tatu mambo ni kinyume: saa tano usiku ya kule, kwa mwili wako ni saa mbili jioni, na utashangaa mbona una nguvu saa tisa wenyeji wakipiga miayo. Watu hupanga safari nzima bila kufikiria jambo hili dogo. Mimi kwa safari ya magharibi naongeza siku, kwa ya mashariki hata siku moja inanitosha.

Kwa nini mji uje baada ya tamasha na si kabla? Kwa sababu tamasha litakupa watu. Mwenyeji uliyecheza naye Ijumaa na Jumamosi ndiye atakayekwambia Jumatatu twende wapi, Jumanne hakuna kitu, Jumatano kuna darasa kisha dansi ghorofa ya pili ya baa fulani isiyo na kibao nje. Orodha za kwenye intaneti huzeeka haraka. Usiku wa salsa huhama ukumbi, hufa, hufufuka kwa jina jipya. Ukifika mji kabla hujamjua mtu, jioni mbili zitaisha ukibisha milango iliyofungwa. Nyingine ni kwamba sosho za wiki huwa na watu wanaojuana tangu miaka, wanaomba wale waliowazoea. Ukiingia ukiwa na hata mtu mmoja anayekusalimia kwa jina, ukumbi wote unakuona tofauti.

Wenzako wamekutajia Cali, na hawakukosea kuipenda. Huko salsa hukusudii kuitafuta, inatoka kwenye madirisha ya mabasi. Lakini wengi wanasema Cali wakimaanisha Feria ya Desemba, sherehe ya mji inayofanyika tarehe 25 hadi 30 kila mwaka, ikifunguliwa na Salsódromo, gwaride la wachezaji wa shule za mji. Ni la kuona kabla hujafa. Si la kujifunzia. Walimu unaowataka wako ndani ya gwaride lenyewe, na vilabu vimejaa hata pa kugeukia hapana. Kwa mcheza salsa Cali ni nzuri wiki ya kawaida isiyo na jina: asubuhi darasa la mtu mmoja na mwalimu, jioni mnaongozana klabu kama Zaperoco, La Topa Tolondra au Tin Tin Deo. Nimesema mnaongozana kwa makusudi. Klabu za Cali watu huja kwa makundi, wanakaa meza yao, wanacheza kando ya meza yao na wenzao. Mgeni anayesimama ukutani akingoja kuombwa, kama afanyavyo kwenye tamasha, anaweza kungoja hadi taa ziwashwe. Kwa hiyo shule yako ya mchana ndiyo meza yako ya usiku. Bila hiyo, kile unachokiogopa kitakukuta huko kabla ya mahali pengine popote.

Na kuna msemo wa Kikolombia, “no dar papaya”, usitoe papai, yaani usijiweke uchi mbele ya mwizi. Simu isishikwe mkononi barabarani, kinywaji kisiachwe mezani ukienda kucheza. Hilo la kinywaji si la kutishana. Wezi nchini humo hutumia skopolamini, dawa inayomwacha mtu akitembea na kuitikia bila akili yake, na huwekwa kwenye glasi. Mimi nikitoka kucheza glasi iliyobaki naimwaga na kununua maji ya chupa mapya.

Havana ina utamu wake ambao sijaupata kwingine. Bendi zinapiga timba, muziki wa dansi wa Kikuba, na utaona mama mwenye umri wa bibi yako anafanya kwa bega moja kile ambacho wewe unahitaji mizunguko mitatu kukisema. Casa de la Música ya Miramar na ile ya katikati ya mji zimejulikana kwa vipindi vya alasiri na vya usiku, na alasiri ndiyo huwafaa zaidi wageni. Ila uwe tayari kwa mengine. Tangu 2024 umeme umekuwa ukikatika sana, mara kadhaa nchi nzima kwa pamoja. Kadi zilizotolewa na benki za Marekani hazifanyi kazi, na hata nyinginezo si za kutegemea, kwa hiyo nenda na noti. Na mtu mzuri wa kucheza anayekufuata usiku wote huenda yuko kazini, nawe hujui. Ni heshima kwenu nyote wawili kukubaliana mapema: lipa mwalimu wako wa mchana akusindikize usiku, acheze nawe na kukutambulisha kwa wengine. Hakuna aibu hapo. Aibu ni ile ya saa tisa usiku, mmoja akidhani ni urafiki na mwingine akisubiri malipo.

New York na San Juan nazipitia haraka kwa kuwa hukuziuliza. New York itakutaka uwe na pigo la pili, vinginevyo utaishi pembeni. San Juan, mji mkuu wa Puerto Rico, kuna mtaa wa La Placita huko Santurce ambako watu hucheza hadi barabarani, na mwezi Machi kituo kimoja cha redio huandaa siku ya taifa ya salsa iliyoanza 1984, lakini hiyo ni ya kusikiliza bendi kuliko kucheza. Puerto Rico ni eneo la Marekani, kwa hiyo sheria za kuingia ni za Marekani. Na kwa wale wenye pasi zinazoruhusiwa kuingia Marekani bila viza kwa ESTA, kibali kinachoombwa mtandaoni: mtu aliyekanyaga Cuba tangu Januari 12, 2021 anapoteza ruhusa hiyo, lazima aombe viza ya kawaida. Nimeona kundi zima likipanga Havana kisha New York bila kulijua hili. Kama pasi yako ni ya aina hiyo, geuza mpangilio: New York kwanza, Havana baadaye.

Tukiwa kwenye karatasi, tuzimalize. Kwa nchi za Schengen, yaani zile za Ulaya zinazotumia viza moja, maombi ya viza hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na siku 15 kabla ndiyo mwisho wa kawaida, usingoje huko. Bima ya safari lazima ifike euro 30,000. Unaomba kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi, si lazima ile ya tamasha: siku nne Croatia, iliyoingia Schengen mwanzoni mwa 2023, kisha siku tano Paris, basi maombi yako ni ya Ufaransa. Tiketi ya tamasha yenye jina lako na barua ya waandaaji ziambatanishe. Zinaeleza sababu ya safari vizuri kuliko maneno yako. Kwa Colombia, abiria wanaotoka nchi zenye homa ya manjano wanaweza kudaiwa cheti cha chanjo. Cheti huanza kutambulika siku 10 baada ya kuchanjwa, na tangu 2016 ni cha maisha, kwa hiyo ukichanjwa mara moja umemaliza.

Turudi kwenye kiti, maana huko ndiko swali lako liliko.

Madarasa ya mchana nimekwambia uchukue, lakini si kwa ajili ya mitindo. Mitindo utaisahau yote kabla ya chakula cha jioni. Darasani mnabadilishana wenzi kila dakika chache, na saa moja inatosha kukushikisha mikono ya watu ishirini. Kati yao watano mtapatana. Wakumbuke nyuso. Usiku ukimwona mmoja, huendi kwa mtu usiyemjua. Unakwenda kwa yule wa darasa la saa saba aliyecheka alipokosea. “Tulikosea pamoja, tujaribu tena?” Sijawahi kuona mtu akilikataa hilo.

Omba. Katika salsa ya kimataifa mwanamke kumwomba mwanamume, au yeyote kumwomba yeyote, ni jambo la kila wimbo. Anayengoja kuombwa huchaguliwa na wale wanaochagua tu. Anayeomba huchagua mwenyewe. Simama kwenye ukingo wa sakafu, si nyuma ya safu ya viti, viatu umeshavaa, mkoba umeuweka, simu imelala. Mtu anayetazama simu anasema “sipo”. Itikise miguu kidogo kwenye muziki. Wanaoongoza nao wana hofu ya kukataliwa, wengi kuliko unavyodhani, na wanamtafuta mtu ambaye mwili wake umeshakubali kabla hawajauliza.

Saa nazo zina tabia. Saa ya kwanza ya sosho sakafu iko wazi na wanaoanza wako jasiri. Cheza nao, usiwadharau, maana ndio watakaokupasha moto. Katikati ya usiku pamesongamana, wazuri wanatafutana, hapo ndipo kiti kinaita. Pumzika kwa amani. Kuanzia saa tisa wanabaki wale wasiotaka kwenda kulala, nafasi imerudi, majivuno yamekwisha kwa jasho, na mchezaji ambaye saa sita usiku ulimwogopa amesimama peke yake akishika chupa ya maji. Nyimbo zangu nzuri zaidi maishani karibu zote zilipigwa baada ya saa tisa.

Kuna dawa ya kiti ambayo wengi hawaitaji: jifunze kuongoza. Si kama bingwa. Hatua ya msingi, mzunguko wa kulia, wa kushoto, kupishana kwenye mstari, vitu kama kumi tu, miezi mitatu inatosha. Palipo na wanaofuata wengi, anayeweza kugeuka na kuongoza hana muda wa kukaa, na ukirudi kwenye kufuata utakuwa mwepesi zaidi kwa sababu sasa unajua mkono ulikuwa unauliza nini.

Ukikataliwa, ni wimbo mmoja. Huenda amechoka, huenda ni wimbo aliouahidi. Ukikataa wewe, adabu ni kutocheza wimbo huohuo na mwingine. Lakini mtu anayekuvuta bega, anayekulaza nyuma bila kukuuliza, au mikono yake inapotea njia, huna deni la kumaliza naye wimbo. Sema “asante”, achia mikono, ondoka. Matamasha mengi sasa yana mtu wa kupokea malalamiko ya aina hiyo. Mjue ni nani siku ya kwanza.

Kuhusu kucheza kwenye mbili: usijifunze kwa ajili ya safari hii. Miezi michache itakufikisha pale ambapo moja imeyumba na mbili haijakaa, nawe utapanda ndege ukiwa huna hata moja. Jifunze badala yake kusikia. Tafuta konga, ile ngoma ndefu ya kupigwa kwa mikono, ndani ya wimbo, lile pigo lake la wazi linalojirudia, na kengele inapoingia kwenye kiitikio. Anayefuata akisikia hivyo, akipata mwongozaji wa kwenye mbili atahisi mwili wake unacheleweshwa kidogo, naye atacheleweka pamoja nao bila kupigana. Mwambie tu mapema, “nacheza kwenye moja.” Mwenye uungwana atakuja kwako, na wapo wengi.

Viatu chukua jozi mbili, zote umeshazicheza angalau mwezi mzima, moja ya kisigino kifupi kwa ajili ya usiku wa tatu, ambao vidole vitakuwa vimekwishatoa uamuzi wao. Soli za swedi zisikanyage barabara. Maji na vumbi huziua, na brashi ndogo ya waya huzifufua kiasi. Vizibo vya masikio weka kwenye mfuko wa viatu ili usivisahau. Chumba chukua umbali wa kutembea kutoka ukumbini hata kama ni kidogo na ghali kuliko cha mbali, kwa kuwa saa kumi alfajiri, ukiwa na miguu iliyovimba na mji usioujua, umbali ndio utakaoamua kama ungebaki kwa wimbo mmoja zaidi.